Kitabu Kinaporudi: Historia ya Kanuni za Chumba na za Kuazima katika Maktaba za Umma za Afrika Mashariki

Utangulizi

Kanuni za maktaba ni miongoni mwa maandishi yanayosomwa na watu wengi na kuchunguzwa na wachache. Hubandikwa ukutani karibu na mlango, na kwa kawaida huwa fupi: nyamaza, usile wala kunywa, acha mkoba wako mlangoni, usiandike kitabuni, leta mdhamini, rudisha kitabu kabla ya tarehe iliyogongwa muhuri, ukichelewa utatozwa faini, ukipoteza utalipa. Msomaji huzipitia kwa jicho moja na kuingia ndani. Hata hivyo, kila kifungu cha kanuni hizo kina historia, na ndani ya historia hiyo mna jibu la swali moja kubwa: jamii inamwamini nani kiasi cha kumkabidhi kitabu?

Mhadhara huu unakusudia kuichunguza historia hiyo katika Afrika Mashariki, hususan Tanzania, kwa kufuata kanuni za aina mbili. Aina ya kwanza ni kanuni za chumba, yaani zinazoamua nani aingie, akae wapi na afanye nini. Aina ya pili ni kanuni za kuazima, yaani zinazoamua nani atoke na kitabu, kwa muda gani na kwa dhamana ipi. Hoja itakayotetewa ni kwamba maktaba za umma za eneo hili zilifanikiwa mapema kuifungua milango ya vyumba vyake kwa wananchi wote, lakini zilichelewa kuifungua mikono yake. Mlango ulipoondolewa ubaguzi, kanuni za kuazima ziliendelea kumwazia msomaji wa aina moja, naye ni mkazi wa mji, mwenye ajira na anwani.

Kipimo cha uchunguzi huu ni mahali pamoja. Mwamapalala ni kata ya wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka mkoa wa Shinyanga, na eneo la Itilima lilikuwa sehemu ya wilaya ya Bariadi. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na nafaka na wafugaji wa ng'ombe. Kisukuma ndiyo lugha ya nyumbani. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi, na ya takriban kila kitabu kinachoweza kumfikia mtu mzima wa huko. Kwa hiyo, kila kanuni itakayotajwa hapa itaulizwa swali lilelile: je, mkulima wa Mwamapalala angeweza kuitii na bado akapata kitabu?

Maneno ya Kuazimana

Kabla ya kuingia katika historia, inafaa kuyatazama maneno yenyewe, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa na elimu ya kuazimana kabla ya kuwa na maktaba za umma. Lugha hii hutofautisha kuazima na kukopa. Mtu huazima jembe, sufuria au nguo. Hukopa fedha au debe la mtama. Katika kuazima, kinachorudi ni kitu kilekile kilichotoka. Katika kukopa, kilichotoka hutumiwa kikaisha, na kinachorudi ni mfano wake. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa jembe na kwa fedha. Kiswahili hakikuridhika na hilo.

Tofauti hiyo ina uzito katika mada hii. Kitabu huazimwa, hakikopwi. Lakini mwenye kukiazima hutarajiwa kukitumia, na kila matumizi hukichakaza kidogo. Jembe lililorudi bila udongo ni jembe ambalo halikulima. Hapo ndipo ulipo mgogoro wa kila maktaba: kitu kilekile lazima kirudi, lakini kisirudi kana kwamba hakikuguswa. Methali isemayo kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo inamwonya mwenye kuazima asijione mmiliki. Nyingine isemayo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari inamwonya mwenye kuazimisha asitegemee kumbukumbu ya kichwa. Kwa pamoja, methali hizo mbili zingeweza kuwa dibaji ya kanuni za maktaba yoyote.

Neno maktaba lina asili ya Kiarabu, nalo limefungamana kimzizi na kitabu, katibu na mkutubi. Neno amana nalo linastahili kutajwa. Katika matumizi ya kawaida, amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu mwaminifu ili akitunze. Katika kanuni za maktaba nyingi, amana ni fedha anayoiweka msomaji ili aaminiwe. Maana zote mbili ni sahihi, lakini mwelekeo wake ni kinyume: katika ya kwanza, maktaba ndiyo inayotunza mali ya umma; katika ya pili, mwananchi ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hataila mali hiyo. Sehemu kubwa ya historia inayofuata ni historia ya mizani kati ya maana hizo mbili.

Wakfu na Chumba Huru cha Pwani

Kanuni za kale zaidi za matumizi ya vitabu katika upwa wa Afrika Mashariki ni zile za wakfu. Katika miji kama Lamu, vitabu vya elimu ya dini, sarufi na sheria viliandikwa au kunakiliwa kwa mkono, na baadhi yake vikawekwa wakfu kwa ajili ya wanafunzi. Mkusanyiko wa miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, una vitabu vya namna hiyo. Kitabu kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakipewi mtu kiwe chake, wala hakirithiwi. Kanuni hiyo iliandikwa ndani ya kitabu chenyewe, hivyo yeyote aliyekifungua aliisoma kabla ya kusoma lolote lingine.

Ikumbukwe kwamba wakfu haukuwa mfumo wa umma kwa maana ya leo. Aliyefaidika alikuwa mwanafunzi anayefahamika na mwalimu wake, na lugha ya vitabu vingi ilikuwa Kiarabu. Pamoja na hayo, wakfu ulitatua jambo moja kwa uwazi ambao kanuni nyingi za baadaye ziliukosa: ulitamka kwanza kitabu ni cha nani na ni cha kazi gani, ndipo ukaweka makatazo. Katazo la kuuza lilitokana na haki ya kusoma.

Mwaka 1903, mjini Mombasa, ilianzishwa maktaba ya Seif bin Salim, pamoja na chumba cha kusomea kilichoitwa huru, yaani kisicho na malipo. Maktaba hiyo hutajwa na wanahistoria kuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa za aina yake Kenya. Jina lake linabainisha mgawanyo ambao umedumu hadi leo: chumba na kitabu ni huduma mbili. Kukaa na kusoma ni jambo moja. Kuondoka na kitabu ni jingine, nalo ndilo lililodai uanachama na malipo. Maktaba nyingi za karne ya 20 zilijengwa juu ya mgawanyo huo huo. Kwa mkazi wa mji, mgawanyo huo si mzito, kwa kuwa asiyeweza kuazima anaweza kurudi kesho akakaa tena. Kwa mtu anayeishi mbali na chumba, haki ya kuingia bila haki ya kuazima ni haki isiyomfaa.

Mlango Uliofungwa: Nairobi, 1931 hadi 1958

Kanuni ya chumba iliyo kali kuliko zote haikuhusu kelele wala mikoba. Ilihusu rangi ya ngozi. Maktaba ya kumbukumbu ya McMillan ilifunguliwa Nairobi mwaka 1931, kwa heshima ya William Northrup McMillan, na kwa miaka 27 iliwahudumia Wazungu peke yao. Mwaka 1958 ndipo watu wa rangi zote waliporuhusiwa, na mwaka 1962 maktaba hiyo ikawekwa chini ya halmashauri ya jiji.

Tukio hilo lina fundisho ambalo si la Nairobi tu. Katika miaka yote hiyo, Mwafrika hakuhitaji kuambiwa muda wa kuazima au kiwango cha faini, kwa kuwa kanuni ya kwanza ilikuwa imekwisha kumtoa. Ndiyo maana, uhuru ulipokaribia, wapenda maktaba wengi waliuona ushindi kuwa ni kufunguliwa kwa mlango. Ushindi huo ulikuwa wa kweli na wa haki. Lakini ulificha jambo moja: mlango ukishafunguliwa, kanuni za pili na za tatu, ambazo hazitaji rangi ya mtu, huanza kufanya kazi yake kimya kimya. Kanuni inayodai mdhamini mwenye ajira haitaji kabila wala rangi. Hata hivyo, katika nchi ya wakulima, humwacha nje mtu yuleyule.

Sanduku na Posta

Mwaka 1948 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianzisha kwa pamoja shirika lililojulikana kama Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, lenye makao Nairobi. Shughuli yake kuu ilikuwa kuchapisha vitabu kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwa mbele, lakini ilipewa pia kazi ya kuvifikisha kwa wasomaji. Kwa kuwa hapakuwa na majengo wala fedha za kuyajenga, njia mbili zilibuniwa. Ya kwanza ni masanduku ya vitabu yaliyopelekwa kwenye shule, misheni na kumbi za maendeleo, yakabadilishwa baada ya muda. Ya pili ni maktaba ya posta, ambamo msomaji alichagua vitabu katika orodha na kuletewa kwa barua.

Njia zote mbili zilikuwa na sifa moja ya pekee: hazikuwa na chumba. Kanuni zake zilikuwa za kuazima tu. Sanduku lilimtegemea mtu mmoja wa mahali pale, mara nyingi mwalimu au mhudumu wa misheni, ambaye alihesabu vitabu, akaandika majina daftarini, na kuwajibika wakati sanduku linaporudi. Posta kwa upande wake ilimtegemea msomaji mwenyewe: ajue kuandika barua, awe na anwani, na aweze kufika mahali barua zinapopokelewa. Kwa mkulima wa ndani ya Usukuma, sanduku lilikuwa karibu zaidi kuliko posta, kwa sababu lilimjia likiwa mikononi mwa mtu anayemfahamu. Ufahamiano huo ndio uliokuwa dhamana.

Hata hivyo, mfumo wa sanduku ulikuwa na kasoro iliyojirudia baadaye kwa kiwango kikubwa. Mtunzaji aliwajibika kwa idadi ya vitabu, si kwa idadi ya wasomaji. Sanduku lililorudi kamili lilihesabika kuwa limetunzwa vema, hata kama halikufunguliwa.

Sheria ya 1963 na Jengo la 1967

Mwaka 1960, S. W. Hockey aliwasilisha ripoti kuhusu maendeleo ya maktaba katika Afrika Mashariki, akipendekeza kila nchi iwe na bodi ya maktaba iliyoundwa kwa sheria. Tanganyika ilitunga sheria hiyo mwaka 1963, na huduma ya maktaba ikaanza kazi mwaka uliofuata. Tarehe 9 Desemba 1967, katika sikukuu ya Uhuru, Rais Julius Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka huo huo ulikuwa umeshuhudia Azimio la Arusha na andiko la Elimu ya Kujitegemea. Kwa hiyo maktaba ilizaliwa katika mwaka ambao taifa lilikuwa likijiuliza elimu ni ya nani. Mwaka 1975 sheria mpya iliipanua bodi hiyo na kuipa majukumu zaidi, yakiwemo ya kusimamia mafunzo ya wakutubi na kusaidia juhudi za kufuta ujinga.

Maktaba mpya zilirithi utaratibu wa kuazima uliokuwa umeenea katika nchi zilizofuata desturi ya Uingereza. Utaratibu huo ulikuwa rahisi na wa akili. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake ndani ya mfuko uliobandikwa kwenye jalada. Kila msomaji alipewa vibebeo vichache vya karatasi ngumu vyenye jina lake, kimoja kwa kila kitabu alichoruhusiwa kuazima. Kitabu kinapotoka, kadi yake iliwekwa ndani ya kibebeo cha msomaji na kupangwa kwa tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo iligongwa muhuri kwenye karatasi iliyo mwanzoni mwa kitabu. Mkutubi angeweza kwa dakika moja kujua kitabu kiko kwa nani na lini kitarudi. Hiyo ndiyo ile methali ya daftari ikiwa imetimizwa kwa kadi na mfuko.

Lakini vibebeo hivyo vilitolewa baada ya kujaza fomu, na fomu ilidai mdhamini. Mdhamini alitakiwa awe mtu ambaye maktaba ingeweza kumpata: mwajiri, mwalimu, ofisa. Muda wa kuazima ulihesabiwa kwa wiki, na faini kwa siku. Kila kipengele kilikuwa na sababu. Vitabu vilikuwa vichache na vingi viliagizwa kwa fedha za kigeni. Kupotea kwa kimoja kulimnyima msomaji mwingine. Hakuna ushahidi kwamba walioziandika kanuni hizo walikusudia kumfungia mtu nje. Walikuwa wakilinda amana ya taifa kwa zana walizozijua.

Mkulima wa Mwamapalala akipimwa kwa kanuni hizo, matokeo ni dhahiri. Wakati wa kupalilia na kuvuna pamba, hawezi kuacha shamba ili kurudisha kitabu mjini ndani ya wiki mbili. Akichelewa, nauli na faini huzidi thamani ya kile alichosoma. Wadhamini anaowajua, yaani wazee, jirani na viongozi wa kijiji, hawana anwani ambayo mkutubi wa mji wa mkoa angeikubali kwa urahisi. Hakuna kifungu kilichomkataza. Vifungu vyote kwa pamoja vilimkatalia.

Maktaba za Vijijini Kanda ya Ziwa

Jaribio kubwa la kuzibadilisha kanuni hizo halikuanzia katika maktaba. Lilianzia katika madarasa ya watu wazima. Mwaka 1968 Tanzania, kwa ushirikiano na UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, makao yake yakiwa Mwanza. Mradi huo ulihusu mikoa inayolizunguka Ziwa Viktoria, ikiwemo Shinyanga, ambamo eneo la Bariadi lilikuwamo wakati huo. Msingi wake ulikuwa kwamba mtu mzima hujifunza kusoma kwa kusoma juu ya kazi yake: mkulima wa pamba kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, mfugaji kwa kitabu cha mifugo.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ikaenea nchi nzima. Takwimu za serikali zinaeleza mwendo wake. Mwaka 1967, takriban asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 ilikuwa asilimia 39. Mwaka 1977 asilimia 27. Na mwaka 1986 asilimia 9.6. Katika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, takriban watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakisikiliza na kusomeana vijitabu.

Waandalizi wa kisomo walitambua mapema hatari moja: mtu aliyejifunza kusoma na asipate cha kusoma husahau. Kwa sababu hiyo zilianzishwa maktaba za vijijini, pamoja na magazeti ya vijijini, mfano wake likiwa Elimu Haina Mwisho lililochapishwa kwa Kanda ya Ziwa. Maktaba ya kijiji haikuwa jengo. Ilikuwa kabati, sanduku au rafu, ndani ya darasa, ofisi ya kijiji au ghala, ikiwa na vitabu vya kilimo, afya, siasa na hadithi. Mtunzaji wake alikuwa mwanakijiji aliyepewa mafunzo mafupi na posho ndogo.

Hapa kanuni zilibadilika kwa namna ambayo haikuandikwa ukutani. Mdhamini aliondoka, kwa sababu kila mtu alimjua kila mtu. Fomu iliondoka, daftari likabaki. Muda wa kuazima ukawa ni suala la makubaliano. Kimya hakikuwa kanuni tena, kwa sababu wasomaji wapya husoma kwa sauti, na mmoja huwasomea wengi. Kwa mara ya kwanza, mtu wa kijiji kama vile vya Mwamapalala alikuwa msomaji wa maktaba kwa masharti yanayolingana na maisha yake.

Hata hivyo, kasoro ya sanduku la mwaka 1948 ilirudi. Vitabu vya kijiji vilikuwa mali ya serikali, na mali ya serikali huhesabiwa. Mtunzaji aliyejua kwamba kitabu kikipotea ataulizwa yeye, na kikikaa kabatini mwaka mzima hataulizwa na yeyote, hakuhitaji kuelekezwa afanye nini. Alifunga kabati na kutunza ufunguo. Hakuwa mzembe wala mchoyo; alikuwa akitii kanuni pekee iliyokuwa na adhabu. Kadiri uchumi ulivyozorota tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, vitabu vipya vilipungua, posho zilikatika na magazeti yakachelewa, hofu hiyo iliongezeka, kwa kuwa kitabu kilichopotea hakikuwa na wa kukiziba pengo.

Gharama yake inaonekana katika takwimu za baadaye. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba takriban asilimia 69 tu ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi walijua kusoma na kuandika. Vipimo vya sensa na vya kampeni havifanani, na sababu za kushuka huko ni nyingi, mojawapo ikiwa ni kudhoofika kwa shule za msingi. Lakini haiwezekani kuliacha kabati nje ya hesabu. Miongoni mwa walioanguka walikuwamo watu waliokwisha kushinda ugumu wa herufi, wakashindwa na kufuli.

Chumba kama Kitabu

Wakati vijijini kitabu kilikosa kutoka, mijini chumba kilianza kupata maana mpya. Wachunguzi wa maktaba za umma katika Afrika Mashariki wamebainisha mara nyingi kwamba wengi wa wanaojaza viti ni wanafunzi, na kwamba wengi wao huja na madaftari na vitabu vyao wenyewe. Hawafuati kitabu, wanafuata meza, mwanga na utulivu ambao nyumba ya vyumba viwili yenye watoto wengi haiwezi kutoa.

Jambo hilo liliwatatiza watunga kanuni. Je, mtu asiyegusa kitabu cha maktaba ni msomaji wa maktaba? Zipo kanuni zilizokataza kuingia na vitabu vya nje, kwa hoja kwamba huwezesha wizi na kumnyima nafasi anayehitaji vitabu vya maktaba. Hoja hiyo ina mashiko pale viti vinapokuwa vichache. Lakini ikitazamwa kwa jicho la historia iliyoelezwa hapa, chumba huru cha Mombasa cha mwaka 1903 kilikuwa kimekwisha kujibu: kukaa na kusoma ni huduma kamili. Mwanafunzi anayetumia meza ya umma kusoma daftari lake anaazima kitu ambacho hurudi kilekile kila jioni bila faini yoyote.

Tangu miaka ya 1980, hali ya fedha ilileta pia kanuni za ada na uchangiaji wa gharama. Azimio la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa mwaka 1949 na kurekebishwa mwaka 1972, 1994 na 2022, linashikilia kwamba huduma hiyo kimsingi iwe bila malipo. Nchi maskini zimejikuta zikikubali azimio hilo kwa kauli na kutoza ada kwa vitendo, kwa kuwa bodi isiyo na fedha haiwezi hata kubandika jalada lililong'oka.

Mfano wa Garissa na Desturi ya Ng'ombe

Upo mfano wa karibu unaoonyesha kwamba kanuni inaweza kuandikwa upya bila kuipoteza amana. Mwaka 1996, huduma ya taifa ya maktaba ya Kenya ilianza kutumia ngamia kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwingine hema. Hema lilipokunjuliwa, chumba kilikuwa tayari, na lilipokunjwa, chumba kiliondoka. Muda wa kuazima uliambatana na ratiba ya msafara. Aliyehama na mifugo hakuwa mkosaji kwa kuhama kwake. Maktaba ndiyo iliyojifunza kutembea.

Usukuma nako kuna elimu ya kuazimishana ambayo watunga kanuni hawajaitumia vya kutosha. Kwa desturi ya zamani, mwenye ng'ombe wengi huweza kuwaweka baadhi yao kwa mtu mwingine. Aliyewekewa hukamua maziwa na hutumia mbolea. Ng'ombe na ndama hubaki mali ya mwenyewe. Ng'ombe akifa, habari hupelekwa bila kuchelewa, na kifo cha kweli hakimgeuzi mtunzaji kuwa mwizi. Muda haupimwi kwa wiki. Dhamana yake si fomu. Ni heshima ya mtu mbele ya watu wanaomfahamu. Zaidi ya yote, ng'ombe huwekwa kwa mtu ili akamuliwe. Mwenye mali angemshangaa mtunzaji aliyemrudishia ng'ombe akijisifu kwamba hakuwahi kumkamua.

Desturi hiyo isichukuliwe kuwa kamilifu. Ilileta mashauri mengi mbele ya wazee, na iliwafaa zaidi wenye jina kuliko wageni. Lakini ina mambo matatu ambayo kanuni za sanduku na kabati zilikosa: inahesabu faida pamoja na hasara, inatofautisha ajali na udanganyifu, na inaiweka dhamana mikononi mwa jamii badala ya kumtwisha mtunzaji mmoja.

Hitimisho

Historia iliyopitiwa imeonyesha hatua nne. Wakfu uliandika haki ya kusoma ndani ya kitabu. Chumba huru kilitenganisha kukaa na kuazima. Uhuru uliondoa ubaguzi mlangoni, ukaacha masharti ya mji katika fomu. Kampeni ya kisomo iliondoa fomu hiyo vijijini, ikamwachia mtunzaji hofu ya kupoteza. Katika hatua zote hizo, tatizo halikuwa kuwepo kwa kanuni. Maktaba isiyo na kanuni huwa ya mwenye nguvu, na ndani ya mwaka mmoja huwa haina vitabu. Tatizo lilikuwa ni kile ambacho kanuni zilikihesabu.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, aliweka mwaka 1931 sheria tano za ukutubi, na ya kwanza inasema kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Sheria hiyo huonekana nyepesi mpaka itakapowekwa kando ya daftari la maktaba ya kijiji. Daftari hilo lina safu ya vitabu vilivyotoka, safu ya vilivyorudi, na safu ya vilivyopotea. Halina safu ya vitabu ambavyo havikutoka kamwe. Mkaguzi akifika, kitabu kilichoraruka kwa kusomwa na watu 40 huandikwa kuwa hasara, na kitabu kisichofunguliwa huandikwa kuwa kizima.

Iwapo itatungwa leo kanuni ya kuazima kwa ajili ya kata kama Mwamapalala, haitahitaji kuwa ndefu. Itataja kwamba vitabu ni vya wanakijiji. Itaufuata msimu wa kilimo katika kuhesabu muda. Itapokea udhamini wa kitongoji au kikundi. Itasamehe uchakavu na kuadhibu uongo. Itaruhusu kusoma kwa sauti mahali ambapo mmoja huwasomea wengi, na itatenga saa za kimya kwa wanafunzi. Nayo itaongeza safu moja katika daftari, ili mtunzaji aulizwe pia kuhusu kitabu kilichokaa kabatini. Siku mtunzaji atakapoulizwa swali hilo, ufunguo utaanza kutoka mfukoni mwake.